Alichosikia Mkwe Wangu

Sijui kusoma kimya. Aibu yangu ilianzia hapo, kwa hivyo na mimi nianzie hapo.

Shuleni nilifika darasa la pili, kisha mbuzi wa baba wakahitaji mtu wa kuwachunga. Kusoma kwenyewe kulinijia ukubwani, kwa darasa la ngumbaru, pale kanisani, sisi kina mama tumekaa kwenye mabenchi ya watoto na magoti yametufika kidevuni. Mwalimu wetu alikuwa kijana mkali. Alisema asiyetoa sauti hasomi, analala. Basi tulisoma kwa sauti, sote pamoja, kidole chini ya neno, silabi kwa silabi, mpaka waliokuwa wakipita barabarani na punda wakasimama kutusikiliza. Nikatoka hapo naweza kusoma Biblia, karatasi ya dawa ya ng'ombe na tangazo la mazishi. Yote kwa sauti. Watoto wangu wakiniona nimeshika karatasi walijua kilichomo kitawafikia hata wakiwa shambani.

Majina ya wote waliokaa kwa yale mabenchi ninayo, na ya waume zao, na ya ng'ombe wa baadhi yao. Hapa Masii mtu akisahau jina la aliyehama zamani, anakuja kuniuliza. Lakini humu sitataja jina hata moja. Kuna moja ambalo sisi wanawake wa Kikamba hatulitamki, la mume wa binti yako, na nikishalificha hilo sioni haki ya kuyaanika mengine.

Desturi hiyo tunaiita nthoni. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaoneana haya. Hatutajani, hatukai tukitazamana, na yeye haingii jikoni kwangu. Akija anasimama nje, mbali kidogo na mlango, anakohoa, anangoja mtu atoke amwone. Wazee wetu wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani mwenzake apite. Siku hizi tumelegeza. Mkwe wangu akija huku Jumapili ananisalimia kanisani, macho yake chini na yangu chini, na inatosha. Lakini mambo ya mwili, mambo ya chumbani, hayo hayapiti kati yetu hata kwa mzaha.

Mkwe huyu anafanya kazi ya stima kiwandani huko Athi River, na wanaishi Syokimau. Ni mtu mpole. Wana wasichana wawili. Mkubwa, wa miaka kumi na tatu, ana jina la mama ya baba yake. Mdogo ana jina langu, ndivyo tunavyopeana. Kwa sababu hiyo baba yake hawezi kumwita kwa jina. Anamwita Mwaitu, yaani mama yangu. Mtoto ambaye bado anavaa viatu mguu wa kulia kushoto anaitwa mama na baba yake, na anaitika kama mtu aliye na shamba.

Likizo ya Agosti waliletwa kwangu wote wawili. Mdogo alikuja na kitabu cha picha. Ni habari za punda aliyekataa kubeba maji. Maneno ni machache, mstari mmoja chini ya kila picha, na mimi nikafikiri, hiki tutakimaliza kabla chai haijachemka. Hatukukimaliza. Katika kila picha kuna mjusi mdogo ambaye maneno hayamtaji. Mwenye punda anamtafuta punda wake nyumba kwa nyumba, na mjusi anaona mahali punda alipojificha, na mtoto anamwona mjusi akiona. Mwenye punda peke yake ndiye hajui.

"Susu, mwambie yuko nyuma ya kanisa," mdogo ananiambia. Susu ni nyanya.

"Nimwambie nani?"

"Huyu mzee. Mwambie."

"Hanisikii, yuko kwa karatasi."

"Basi usimwambie," anasema, na anacheka akifunika mdomo, kwa sababu tangu mwanzo hakutaka mzee aambiwe. Utamu wote ulikuwa hapo, kujua kitu ambacho mwenyewe hakijui. Kesho yake tulisoma tena, na kesho kutwa, naye alijua kila ukurasa unaokuja, na alicheka kabla sijaufungua. Siku moja akiwa amelala mchana nilikichukua peke yangu nikakaa nacho kwa kiti nikimtafuta mjusi. Mkubwa akanikuta.

"Susu, hicho ni cha watoto."

"Natafuta miwani," nikasema. Miwani ilikuwa usoni.

Huyo mkubwa ndiye mwenye vitabu hasa. Anasoma akitembea, anasoma akikoroga uji, uji unashika chini. Alipomaliza vyake alifungua sanduku la bati ambalo mama yake alienda nalo shule ya bweni, akatoa riwaya ya Kiswahili isiyo na jalada. Panya walikuwa wamekula jina la kitabu na la mwandishi. Mchana, jua likiwa kali na kazi ni ya kukaa, mimi huchagua ndengu kwenye ungo, natoa mawe na zilizotobolewa. Nikamwambia, kama lazima usome, soma na mimi nisikie.

Ilikuwa habari ya msichana anayeuza dawa katika duka la mjini. Dawa zinapotea. Wanaume wawili wanampenda, mmoja ni dereva wa lori, hana kitu ila mdomo mtamu, na mwingine ni mwenye duka, ana gari na anaenda kanisani. Msichana anamshuku dereva. Sisi tulishamwona mwenye duka akifungua kabati kwa ufunguo wa pili, na msichana hajui, na anampikia mwenye duka chapati. Nilitupa ndengu nzima pamoja na mawe. Hapo ndipo nilipoona kitabu hiki na kile cha punda ni ndugu wa tumbo moja. Mjukuu mdogo alitaka kumpigia mzee kelele, na mimi nilitaka kumpigia msichana kelele aache kukanda unga.

Na yule mwandishi, popote alipo, alikuwa mtu mwenye roho mbaya. Kila sura inakatika mahali pabaya. Mkono uko kwa kitasa, ukurasa umekwisha.

"Endelea."

"Susu, nimekauka koo."

"Kunywa maji uendelee. Mtu hawezi kuachwa kwa mlango hivyo."

"Si ulisema vitabu vya hadithi ni vya wavivu?"

"Nilisema mwaka jana."

Siku moja aliposoma niliona kitu hakikai sawa. Dereva alikuwa amefika nyumbani kwa msichana usiku wa mvua, amelowa. Mstari unaofuata ni asubuhi na anakunywa chai.

"Umeruka."

"Sijaruka, susu."

"Mtu alikuwa amelowa chapachapa. Amekaukaje?"

Mtoto akaangalia chini. "Kuna mambo hapo katikati. Si ya kusoma mbele ya mtu mkubwa."

"Basi umefanya vizuri," nikamwambia. Nikaendelea na ndengu. Na nikawaza mambo ya katikati jioni nzima, mimi mjane, mama wa kanisa, ambaye wasichana wakiolewa naitwa kuwafunza.

Kesho yake mkubwa alienda kisimani na mdogo akamfuata. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, kando ya pakiti ya unga. Nikakiteremsha. Nikapata ule ukurasa, kwa sababu mtoto alikuwa ameukunja pembe ili auruke vizuri. Nikakaa jikoni, mgongo kwa mlango ili nipate mwanga, nikaweka kidole chini ya neno.

Nimeshasema ninavyosoma. Kwanza silabi, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. A-ka-fu-ngu-a. Ki-fu-ngo. Halafu ninarudi mwanzo wa mstari niuseme wote kwa pamoja ili nipate maana. Kwa hivyo kila kitu kilisemwa mara mbili. Na sikio langu la kushoto limekufa, hivyo sauti yangu siku hizi ni ya mtu anayeita kuku. Mambo ya katikati yalikuwa marefu. Mwandishi alikuwa na roho mbaya lakini alijua kazi yake, mvua inapiga mabati, leso inaanguka, na mtu haelezwi kila kitu, anaachiwa kidogo ajaze mwenyewe. Nikajaza. Hilo ndilo linaloniua. Kusoma tu ningesema ni karatasi, ni ya mtu mwingine. Lakini nilizungumza nao. Nilisema, "Ehe, na mlango mmefunga?" Nilisema, "Pole pole, kijana, huendi mahali." Nikacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mume wangu afariki.

Ndipo nikasikia mdogo huko nje. "Baba, mbona umesimama hapa? Unaangalia nini?"

Mkwe wangu alikuwa kando ya tangi la maji, akilitazama kama kuna maandishi. Alikuwa amekuja kunirekebishia stima, alikuwa na begi la vyombo vyake. Alifika, akasimama mahali pake, akakohoa kama inavyotakiwa. Sikusikia. Angefanya nini? Kuniita hawezi. Kuingia hawezi. Kuondoka bila kuonana na mtu ni matusi. Akabaki pale akikohoa, na mimi nikisoma kila mstari mara mbili.

Nilijibana nyuma ya mlango. Kupitia ufa nilimwona mjukuu wangu mkubwa akifika, mtungi wa plastiki mgongoni, ukanda wake umepita juu ya kichwa, maji yakimtiririka kwenye rinda. Na baba yake, huyo mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akampazia.

"Ni wewe unasoma mambo ya uchafu kwa sauti jikoni kwa susu yako?"

Mtoto hakuwa hata ametua mtungi. Aliangalia maji miguuni pake. Kisha akaangalia mlango wa jikoni, mahali nilipokuwa, na najua aliona ncha ya sketi yangu.

"Ndiyo, baba," akasema.

"Leta hicho kitabu."

Akaingia. Mimi nilikuwa bado nimekishika. Alikitoa mkononi mwangu taratibu kama unavyomwondolea mtoto mchanga kisu, akatoka nacho. Baba yake akasema Jumapili atakuja kuwachukua warudi Syokimau, na kuanzia hapo, mpaka amalize shule, vitabu vya hadithi basi. Vya masomo tu. Akaacha begi la vyombo na unga aliotuletea, akaenda bila chai. Nami sikutoka. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na mdomo, mdomo ambao dakika chache nyuma ulikuwa unafanya kazi sana, na sikutoka.

Jioni binti yangu akanipigia simu. Alikuwa amekwisha kuambiwa, na alikuwa amekwisha kuelewa.

"Mama, nyamaza tu."

"Mtoto alikuwa kisimani."

"Najua alikuwa kisimani. Hata baba yake anajua. Unataka aseme amemsikia nani? Amekuficha, mama. Amekufunika na mtoto wake. Ukienda kusema ni wewe, utakuwa umemsimamisha pale kwa tangi mara ya pili."

"Na vitabu vya mtoto?"

"Atazoea," akasema.

Hakuzoea. Sikuambiwa na mtu, niliona. Mdogo alimletea kitabu cha punda, akamwambia soma mwenyewe. Alisoma maandishi ya pakiti ya unga, akaigeuza, akasoma upande wa pili. Nikamwambia nisamehe, akasema, "Hakuna neno, susu, ni vitabu tu," na akaenda kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa. Nilifikiria yule msichana wa duka la dawa, amebaki anapika chapati na hakuna wa kumjulia siri yake. Nikamfikiria huyu wangu. Mimi niliondolewa kwa vitabu na mbuzi, na mbuzi hawana kosa, hawakujua. Huyu ameondolewa na mimi, na mimi najua.

Jumapili baada ya kanisa mkwe wangu alikuja, akasimama kando ya tangi, akakohoa. Safari hii nilisikia, nilikuwa nimekaa nikisubiri hicho kikohozi tangu alfajiri. Mkubwa alikuwa ndani akifunga nguo zake. Nilivuta kigoda mpaka karibu na mlango, nikaupa mlango mgongo, nikajifunika leso kichwa na uso. Nikamwita mdogo, mwenye jina langu.

"Nenda umwambie baba yako, sauti aliyoisikia ilikuwa ya susu."

Akakimbia. Kutoka kwa mlango hadi kwa tangi si mbali, kila neno tulilisikia sote, lakini ndivyo inavyofanywa.

"Baba, susu anasema ilikuwa ni yeye."

Sauti yake ikaja, chini. "Mwambie susu mimi sikusikia kitu. Kulikuwa na upepo."

"Susu, anasema kulikuwa na upepo."

"Mwambie hakukuwa na upepo."

"Baba, hakukuwa na upepo."

"Mwambie ulikuwepo mkali."

Mtoto akarudi akihema, anaupenda mchezo. "Susu, anasema mkali. Ulikuwa mkali?"

"Mwambie," nikasema, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, "mwambie dada yako alikuwa anatoka kisimani, mtungi uko mgongoni. Mwambie aliona mwenyewe. Mwambie mtu mzima akifunikwa na nguo ya mtoto, ni mtoto anayebaki uchi."

Hayo yalimzidi. Alimfikishia baba yake lile la mtungi tu, na yaliyobaki baba yake alikuwa ameyasikia mwenyewe. Kuku wakapita kati yetu. Nilisikia jasho likinishuka chini ya leso, na nikawa naomba asinikubalie, aendelee na upepo wake, na nikawa naomba anikubalie, yote mawili.

"Mwaitu," akasema mwishowe, "umenishinda." Hakusema ni mwaitu yupi, mtoto au mimi. Kisha akasema, polepole, kama anayepima waya kabla ya kuushika, "Mwambie susu mtabaki wote wawili mpaka shule zifunguliwe. Vitabu vyake dada yako asome. Kile kimoja nimekiacha kazini."

"Mwambie ahsante," nikasema.

"Baba, ahsante."

Alirekebisha stima bila kuingia jikoni, alipitia upande wa nyuma. Nilisikia vyombo vyake vikigonga, na baadaye nikasikia bodaboda ikiwashwa barabarani. Sikugeuka.

Mkubwa alitoka na nguo zake mkononi, zimekunjwa nusu. Nilidhani atafurahi. Alikaa kizingitini na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini umesema, susu?"

"Kwa sababu hukuwa wewe."

"Alijua si mimi. Mimi ningengoja tu. Angesahau kufikia Desemba." Alifuta pua kwa mkono. "Sasa ataniangalia vipi? Anajua najua. Na wewe utamwangalia vipi?"

Ni kweli. Tangu siku hiyo mkwe wangu haji bila binti yangu kunipigia simu kwanza, na kanisani akiniona mlango huu anatokea ule. Mtoto amepata vitabu vyake, na mimi na baba yake tumepoteza hata ile salamu ya macho chini.

"Ameenda," akaniambia. "Unaweza kutoa leso."

"Niache nayo kidogo," nikasema.

Akaniacha. Akaingia ndani, na baada ya muda nikamsikia akimsomea mdogo kile cha punda, kwa sauti ya chini sana, ili mimi nisijione nimeitwa.